Chien-Shiung Wu

Chien-Shiung Wu (31 Mei 1912 – 16 Februari 1997) alikuwa mwanafizikia wa majaribio mzaliwa wa China aliyefanya kazi karibu maisha yake yote nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa jaribio alilolifanya mwaka 1956 na kulitangaza Januari 1957, ambalo leo huitwa jaribio la Wu. Jaribio hilo lilionyesha kwamba katika baadhi ya matendo ya chembe ndogo za mata, maumbile hutofautisha kulia na kushoto. Kabla ya hapo wanafizikia karibu wote waliamini kwamba jambo hilo haliwezekani.

Wu alikuwa pia mmoja wa mabingwa wakubwa wa karne ya 20 katika utafiti wa mbunguo wa beta, yaani namna kiini cha atomi kinavyotoa elektroni na kugeuka kuwa kiini cha elementi nyingine.

Familia na utoto

Wu alizaliwa katika mji mdogo wa Liuhe, karibu na Taicang katika mkoa wa Jiangsu, kaskazini mwa Shanghai. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu, na wa kike peke yake. Baba yake, Wu Zhong-Yi, alikuwa mhandisi aliyeunga mkono mabadiliko yaliyoikumba China baada ya ufalme kuanguka. Mama yake, Fan Fu-Hua, alikuwa mwalimu.

Wakati ule wasichana wengi wa China hawakupelekwa shule, na desturi ya kuwafunga miguu ili isikue ilikuwa haijaisha. Baba yake alianzisha shule ya wasichana iliyoitwa Mingde, na mama yake alizunguka kwa majirani akiwashawishi wawatoe binti zao wakasome. Wu mwenyewe alianza masomo hapo. Jina lake halikuwa la kike hata kidogo: lilitokana na herufi walizopewa watoto wote wa kizazi chake katika ukoo, na maana yake inakaribia "shujaa mwenye nguvu".

Masomo nchini China

Shule ya Mingde haikuwa na madarasa ya juu, kwa hiyo mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 11, Wu alihamia shule ya bweni ya wasichana katika mji wa Suzhou. Alichagua mkondo wa ualimu kwa sababu haukuwa na ada na ulihakikisha ajira baadaye. Muda si mrefu aligundua kwamba wenzake wa mkondo wa kawaida walifundishwa hisabati na sayansi zaidi kuliko yeye. Akawa anaazima vitabu vyao usiku, walipokuwa wamemaliza kuvitumia, na kujifundisha mwenyewe. Alihitimu mwaka 1929 akiwa wa kwanza darasani.

Kuanzia mwaka 1930 hadi 1934 alisoma katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Nanjing, kilichoitwa wakati ule Chuo Kikuu cha Kati. Alianza na hisabati kisha akahamia fizikia. Miaka hiyo Japani ilikuwa imeivamia Manchuria, na wanafunzi walikuwa wakiandamana kuitaka serikali ichukue hatua. Wenzake walimchagua Wu kuwa miongoni mwa viongozi wao, kwa hesabu kwamba mwanafunzi anayeongoza kwa alama ni vigumu kufukuzwa. Aliongoza kikundi kilichokaa katika uwanja wa ikulu huko Nanjing hadi Chiang Kai-shek alipotoka kuzungumza nao.

Baada ya shahada alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zhejiang na baadaye katika taasisi ya fizikia huko Shanghai. Huko alikuwa chini ya Gu Jing-Wei, mwanamke aliyekuwa na shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye alimhimiza naye aende ng'ambo. Michigan ilimkubali, na ami yake akatoa nauli.

Kuhamia Marekani

Mwezi Agosti 1936 Wu alipanda meli *President Hoover* kuelekea San Francisco. Wazazi wake na ami yake walimsindikiza hadi bandarini. Alitarajia kurudi baada ya miaka michache. Vita na Japani, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha mapinduzi ya mwaka 1949 na uhasama uliofuata kati ya China na Marekani vilifunga njia, na Wu hakuwaona tena wazazi wake wakiwa hai.

Hakufika Michigan pia. Akiwa njiani alitembelea Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, ambako mwanafunzi mwingine wa fizikia kutoka China, Luke Chia-Liu Yuan, alimtembeza katika maabara ya Ernest Lawrence, mvumbuzi wa saiklotroni. Kwa mtu aliyetaka kuchunguza kiini cha atomi hapakuwa na mahali pazuri zaidi duniani. Wakati huohuo alisikia kwamba huko Michigan wanafunzi wa kike hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele wa jengo la jumuiya ya wanafunzi. Muhula ulikuwa umeshaanza, lakini mkuu wa idara, Raymond Birge, alikubali kumpokea, na Wu akabaki Berkeley.

Luke Yuan alikuwa mjukuu wa Yuan Shikai, jenerali aliyekuwa rais wa China baada ya ufalme na ambaye mwaka 1915 alijitangaza kuwa mfalme mpya. Wu na Yuan walioana mwaka 1942.

Berkeley

Msimamizi rasmi wa Wu alikuwa Lawrence, ila kwa vitendo alifanya kazi zaidi na Emilio Segrè, Mwitalia aliyekuwa mwanafunzi wa Enrico Fermi. Tasnifu yake ya mwaka 1940 ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu mionzi inayotolewa na elektroni zinapopunguzwa mwendo ghafla, akitumia fosfori nururifu. Ya pili ilihusu isotopi za gesi ya xenoni zinazotokea kiini cha urani kinapopasuliwa. Sehemu hii ya pili ilionekana kuwa ya wataalamu wachache tu. Miaka minne baadaye ilihitajika kwa haraka.

Alibaki Berkeley kama mtafiti kwa miaka miwili zaidi bila kupewa nafasi ya ualimu. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani wakati ule havikuwaajiri wanawake katika idara zao za fizikia, na baada ya Japani kuishambulia Marekani mwaka 1941, watu wa asili ya Asia katika pwani ya magharibi walitazamwa kwa mashaka.

Miaka ya vita

Harusi ilifanyika tarehe 30 Mei 1942 mjini Pasadena, nyumbani kwa Robert Millikan, mshindi wa Tuzo ya Nobel aliyekuwa msimamizi wa masomo ya Yuan. Hakuna ndugu wa upande wowote aliyeweza kuhudhuria kwa sababu ya vita. Kisha wawili hao walihamia mashariki mwa Marekani. Wu alifundisha kwanza katika chuo cha wanawake cha Smith, ambako hapakuwa na nafasi ya utafiti, halafu Princeton, akiwa mwanamke wa kwanza kufundisha katika idara ya fizikia ya chuo hicho. Wanafunzi wake huko walikuwa maofisa wa jeshi la majini.

Mwezi Machi 1944 aliingia katika Mradi wa Manhattan, mpango wa siri wa kutengeneza bomu la atomi, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York. Kazi yake ilihusu vifaa vya kupimia mionzi na njia ya kutenganisha isotopi za urani kwa kupitisha gesi katika vichujio.

Septemba mwaka huo tanuri kubwa la nyuklia lililojengwa Hanford, katika jimbo la Washington, liliwashwa kwa mara ya kwanza. Baada ya saa chache nguvu yake ilianza kushuka, na mwishowe likazima lenyewe. Baadaye likarudi kufanya kazi, kisha likazima tena. John Wheeler, mmoja wa wanafizikia wa mradi, alishuku kwamba ndani ya tanuri kulikuwa kukizaliwa kitu kinachomeza nyutroni, na mwenendo wa saa zile ulielekeza kwenye xenoni-135. Segrè alikumbuka kwamba mwanafunzi wake wa zamani alikuwa ameichunguza xenoni hiyo kwa kina, na Wu alikuwa na makala yake ambayo ilikuwa haijachapishwa. Vipimo vyake vilisaidia kuthibitisha kwamba xenoni-135 humeza nyutroni kwa kiwango kikubwa kuliko kitu chochote kilichojulikana. Tatizo liliondolewa kwa kuongeza urani katika mifereji ya ziada ambayo wahandisi walikuwa wameijenga kwa tahadhari. Makala ya Wu ilichapishwa mwaka 1945.

Mbunguo wa beta

Baada ya vita Columbia ilimpa nafasi ya utafiti, na alibaki hapo hadi kustaafu. Mwaka 1947 alimzaa mtoto wake wa pekee, Vincent, ambaye naye alikuja kuwa mwanafizikia. Mumewe alipata kazi katika maabara ya taifa ya Brookhaven, kisiwa cha Long Island.

Wu alichagua mbunguo wa beta kuwa uwanja wake. Mwaka 1934 Fermi alikuwa ametoa nadharia iliyoeleza ni elektroni ngapi zinatakiwa kutoka na nishati ndogo, ngapi na ya kati, na ngapi na kubwa. Majaribio ya watu wengi yalipingana nayo: elektroni za mwendo mdogo zilikuwa nyingi mno. Wengine walianza kupendekeza nadharia mbadala.

Wu alishuku vifaa kabla ya kuishuku nadharia. Aliona kwamba waliomtangulia walitumia vyanzo vya mionzi vilivyokuwa vinene na visivyo sawasawa, hivyo elektroni nyingi zilipoteza nishati zikiwa bado ndani ya chanzo chenyewe, kabla hazijafika kwenye kipimo. Kilichohitajika ni tabaka jembamba sana, lenye unene uleule kila mahali. Pamoja na Richard Albert alitumia shaba nururifu katika chumvi yake, na kuongeza sabuni kidogo ya maji ili myeyusho usambae badala ya kujikusanya matone unapokauka. Mwaka 1949 matokeo yao yalilingana na nadharia ya Fermi. Tangu hapo jina la Wu lilijulikana miongoni mwa wataalamu: wanafizikia walisema akipima yeye, hakuna haja ya kupima tena.

Katika miaka hiyohiyo, akiwa na Irving Shaknov, alipima jozi za fotoni zinazotokea elektroni na positroni zinapoangamizana. Jaribio hilo lililochapishwa mwaka 1950 lilionyesha kwamba mitetemo ya fotoni hizo mbili inahusiana hata zikiwa zimeachana. Umuhimu wake ulionekana baadaye, suala la uhusiano wa kikwanta kati ya chembe zilizo mbalimbali lilipokuwa tawi kubwa la fizikia.

Alipata uraia wa Marekani mwaka 1954. Baba yake alikuwa amemwandikia akimsihi asirudi China baada ya mapinduzi.

Fumbo la theta na tau

Kufikia mwaka 1956 wanafizikia walikuwa na tatizo. Katika mionzi kutoka anga-nje na katika mashine mpya za kuharakisha chembe waligundua chembe mbili, theta na tau. Zilikuwa na masi ileile na muda uleule wa kuishi, kana kwamba ni chembe moja. Lakini moja ilivunjika kuwa pioni mbili na nyingine kuwa pioni tatu, na kwa hesabu za pariti, kanuni ya ulinganifu wa kioo, chembe moja haiwezi kufanya yote mawili.

Pariti inaweza kuelezwa hivi. Ukitazama tukio la kifizikia katika kioo, unachokiona ni tukio lenye kulia na kushoto kubadilishana. Kanuni ilisema kwamba tukio hilo la kwenye kioo nalo linawezekana, na kwa kiwango kilekile. Kanuni ilikuwa imethibitishwa vizuri katika sumaku na umeme, na katika kani inayoshikilia kiini cha atomi. Kwa hiyo watu walidhani ni ya maumbile yote.

Wanafizikia wawili wa nadharia waliotoka China, Tsung-Dao Lee wa Columbia na Chen-Ning Yang wa Princeton, walijiuliza kama kanuni hiyo iliwahi kupimwa katika kani dhaifu, ile inayosababisha mbunguo wa beta. Lee alimwendea Wu, ambaye ofisi yake ilikuwa katika jengo hilohilo. Baada ya kupekua kazi zilizochapishwa, jibu lilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kupima. Maelfu ya majaribio ya mbunguo wa beta yalikuwa yamefanywa bila hata moja kugusa swali hilo.

Wu alishauri watumie kobalti-60 iliyopozwa kwa baridi kali ndani ya uga wa sumaku. Wanafizikia wengi waliona huko ni kupoteza muda. Wolfgang Pauli, mmoja wa wakubwa wa fizikia ya karne hiyo, alikuwa tayari kuweka dau kwamba pariti haitavunjika.

Wu na mumewe walikuwa wameshakata tiketi za safari ya Ulaya na Asia ya Mashariki, ya kwanza tangu waondoke kwao miaka 20 iliyopita. Wu alihofia kwamba wengine wangeng'amua umuhimu wa swali na kumtangulia. Alimwomba Yuan aende peke yake, naye akabaki.

Jaribio

Wazo lilikuwa rahisi kuelezea. Kiini cha kobalti huzunguka kama pia. Viini vyote vikielekezwa upande mmoja, hesabu elektroni zinazotoka upande wa juu na zile za upande wa chini. Kwenye kioo mzunguko wa pia hugeuka, lakini elektroni inayokwenda juu huendelea kwenda juu. Kwa hiyo, kama kioo hakileti tofauti, elektroni lazima zitoke sawasawa pande zote mbili. Zikipendelea upande mmoja, ulinganifu umevunjika.

Kutenda kulikuwa kugumu. Katika joto la kawaida viini hutikisika ovyo na haviwezi kupangwa. Lazima vipozwe hadi karibu sehemu moja ya mia ya nyuzi moja ya Kelvini juu ya sifuri halisi. Columbia haikuwa na mtambo wa kufanya hivyo pamoja na kipimo cha mionzi. Wu alimpigia simu Ernest Ambler, bingwa wa fizikia ya baridi kali katika ofisi ya taifa ya viwango mjini Washington, ambaye alikubali. Timu ya Washington ilikuwa na Ambler, Raymond Hayward, Dale Hoppes na Ralph Hudson. Kwa miezi kadhaa Wu alisafiri kati ya New York, alikokuwa anafundisha, na Washington.

Kobalti nururifu iliwekwa kama utando mwembamba juu ya fuwele ya nitrati ya seri na magnesi, chumvi inayopoa sana uga wa sumaku unapoondolewa. Utando ule ulipashwa joto haraka na mazingira, hivyo fuwele kubwa zaidi zilihitajika kuuzungushia kama nyumba ya baridi. Fuwele za ukubwa huo hazikuwa zikiuzwa popote. Wu na wasaidizi wake walizikuza wenyewe maabara. Kisha gundi iliyozishikilia iliachia katika baridi kali, ikabidi zifungwe kwa uzi mwembamba wa nailoni. Kipimo cha elektroni, kipande kidogo cha fuwele ya antrasini kinachotoa mmweko kila kinapogongwa, kiliwekwa ndani ya chombo cha baridi, sentimita chache juu ya kobalti, na nuru yake kupitishwa nje kwa mhimili mrefu wa plastiki angavu.

Mwezi Desemba walianza kuona tofauti. Elektroni zilitoka zaidi upande ulio kinyume na mwelekeo wa mzunguko wa kiini. Uga wa sumaku ulipogeuzwa, tofauti nayo iligeuka. Baada ya dakika chache fuwele zilipopata joto na viini kuvurugika, tofauti ilitoweka, kwa wakati uleule ambao miale ya gamma ilionyesha viini vimeacha kupangika. Hilo la mwisho lilikuwa muhimu zaidi ya yote, maana lilionyesha kwamba hawakuwa wakipima kasoro ya chombo.

Mkesha wa Krismasi, viwanja vya ndege vikiwa vimefungwa kwa theluji, Wu alirudi New York kwa treni ya mwisho na kumweleza Lee kwamba tofauti ni kubwa na inarudiwa kila wakijaribu. Hata hivyo alikataa kutangaza kabla ya kuondoa kila shaka. Timu iliendelea kukagua mpaka usiku wa manane wa tarehe 9 Januari 1957. Waliporidhika, saa 8 za usiku, Hudson alitoa chupa ya mvinyo kutoka kwenye saraka, nao wakanywa kwa vikombe vya karatasi.

Habari zilikuwa zimeshavuja. Siku ya Ijumaa, 4 Januari, Lee alikuwa amewasimulia wenzake wa Columbia wakati wa chakula cha mchana. Leon Lederman, Richard Garwin na Marcel Weinrich walitambua kwamba saiklotroni yao ingeweza kupima jambo lilelile kwa kutumia muoni, na ndani ya siku chache walipata jibu hilohilo. Walikubali makala yao iifuate ya Wu, na walieleza kwamba walijua matokeo yake kabla ya kuanza. Columbia ilitangaza yote kwa waandishi wa habari tarehe 15 Januari. Theta na tau zikawa chembe moja, ambayo leo huitwa kaoni.

Suala la Tuzo ya Nobel

Mwezi Oktoba 1957 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilitolewa kwa Lee na Yang. Wu hakuwemo, ingawa washindi wenyewe waliitambua kazi yake.

Sababu zimejadiliwa tangu wakati huo. Wapo wanaosema kwamba kwa mwaka 1957 utaratibu uliwabana waamuzi, kwa kuwa makala ya Lee na Yang ilitoka Oktoba 1956 na ya Wu Februari 1957. Wengine hutaja kwamba jaribio lilikuwa la watu watano, na tuzo haigawanywi kwa zaidi ya watatu. Wapo waliofanya kazi Washington walioona kwamba mchango wao nao umefunikwa na jina la Wu. Hoja hizi zina uzito kwa mwaka ule, lakini hazielezi kwa nini hakupewa katika miaka 40 iliyofuata, ilhali alipendekezwa mara kadhaa. Jack Steinberger, aliyekuwa mwenzake Columbia na mshindi wa Nobel mwaka 1988, alilihesabu kuwa kosa kubwa la kamati. Wu mwenyewe hakulizungumzia hadharani kwa miaka mingi, ila marafiki zake walijua kwamba lilimuuma.

Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Wolf ya Fizikia, ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

Kazi za baadaye

Mwaka 1963, akiwa na Y. K. Lee na L. W. Mo, Wu alithibitisha dhana ya Richard Feynman na Murray Gell-Mann iliyohusisha kani dhaifu na sumaku-umeme, jambo lililosaidia kufungua njia ya kuziunganisha kani hizo mbili katika nadharia moja. Kitabu *Beta Decay*, alichokiandika na S. A. Moszkowski, kilitumiwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa fizikia ya nyuklia. Alitafuta pia mbunguo wa beta maradufu ndani ya mgodi wa chumvi huko Ohio, mahali ambapo mionzi ya anga-nje haifiki kwa urahisi. Alichunguza hata himoglobini ya damu, ikiwemo ile ya ugonjwa wa selimundu, kwa kutumia miale ya gamma.

Katika maabara alikuwa mkali. Alifika mapema, alitoka usiku, na alitarajia wanafunzi wake wafanye vivyo hivyo, hata Jumapili. Wanafunzi walimpachika majina ya utani asiyokuwapo, lakini wengi wao walidumu kuwa karibu naye hadi uzee wake.

Alikuwa profesa kamili mwaka 1958, baada ya jaribio lililoitikisa fizikia yote. Mshahara wake haukulinganishwa na wa wanaume wa cheo chake mpaka mwaka 1975, mkuu mpya wa idara, Robert Serber, aliporekebisha. Mwaka 1964, katika kongamano kuhusu wanawake na sayansi huko MIT, aliuliza kwa kejeli kama atomi au alama za hisabati zinajali kama anayezishughulikia ni mwanamume au mwanamke. Alikataa pia kuitwa Bi. Yuan kazini, aliwasahihisha watu kwamba yeye ni Profesa Wu.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa shahada ya heshima ya sayansi na Princeton (1958), na wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Fizikia cha Marekani (1975). Mwaka huohuo alipokea Nishani ya Taifa ya Sayansi. Asteroidi namba 2752 ina jina lake.

Kurudi China

Baba yake alifariki mwaka 1959 na mama yake mwaka 1962. Wu hakuweza kuhudhuria maziko yoyote.

Alirudi China bara mwaka 1973, miaka 37 baada ya kupanda meli, wakati uhusiano wa nchi hizo mbili ulipoanza kulegea. Ami yake aliyemlipia nauli na mdogo wake walikuwa wamekufa katika misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, na makaburi ya wazazi wake yalikuwa yamebomolewa. Waziri mkuu Zhou Enlai alimpokea na kumwomba radhi kwa kuharibiwa kwa makaburi hayo. Tangu hapo Wu alirudi mara nyingi, akatoa mihadhara, na akatumia fedha zake mwenyewe kuifufua shule ya Mingde.

Kifo

Wu alistaafu mwaka 1981. Alifariki jijini New York tarehe 16 Februari 1997 kwa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 84. Kwa wosia wake majivu yake yalipelekwa Liuhe na kuzikwa katika uwanja wa shule ya Mingde. Mumewe alifariki mwaka 2003. Tarehe 11 Februari 2021 Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake akiwa amevaa vazi la Kichina la kola ndefu, vazi alilolipendelea hata maabara, chini ya koti jeupe.